Kuchambua maudhui darasani: mwalimu afanye mwenyewe au awaachie wanafunzi?

Mchele wa jioni huchambuliwa mchana, penye mwanga. Unamwagwa kwenye sinia, zinatolewa chuya, yanatolewa mawe, na mtu aliyeizoea kazi hiyo hufika mahali akalijua jiwe kwa kidole kabla ya jicho. Kitenzi hicho hicho tunakitumia kwa shairi, kwa bajeti na kwa mechi ya Simba na Yanga. Ndiyo maana sitahangaika na majina marefu ya njia hii ya kufundisha, ambayo wengine huiita uratibu wa maudhui na wengine uteuzi wa maudhui. Mimi naiita kuchambua. Unakusanya vitu ambavyo watu wengine wamekwisha kuviandika, kuvipiga picha au kuvirekodi kuhusu mada moja, unatupa vingi, unabaki na vichache, unavipanga, kisha kila kilichobaki unakiandikia sentensi ya kueleza kwa nini kimebaki.

Sentensi hiyo ndiyo inayotofautisha kuchambua na kurundika. Mwalimu anayetuma linki kumi na tano kwenye kundi la WhatsApp saa nne usiku hajachambua kitu, amehamisha rundo kutoka simu yake kwenda simu za wenzake.

Njia hii haikuzaliwa darasani. Mwaka 2009 Mmarekani Rohit Bhargava, mtu wa masoko na matangazo, aliandika kwamba kwa jinsi intaneti ilivyofurika, atahitajika mtu wa kutafuta, kuchuja na kupanga yaliyoandikwa na wengine. Miaka miwili baadaye akataja namna tano za kuifanya kazi hiyo: kukusanya mahali pamoja, kufupisha, kuonyesha mwelekeo mkubwa kutokana na mambo madogo madogo, kuchanganya vyanzo ili kupata hoja mpya, na kupanga kwa kufuata wakati. Walimu wakaipenda wakaichukua, na humo mkaingia jambo moja lisilofaa shuleni. Katika biashara anayefaidi ni mpokeaji: mteja hupata vitu vilivyopangwa, akaokoa muda wake. Darasani, kwa uzoefu wangu, anayefaidi zaidi ni yule aliyeshika sinia, kwa sababu kila anapotupa kitu hulazimika kujua kwa nini anakitupa.

Kwa hiyo swali la kuamua kabla hujaandika andalio la somo ni nani ashike sinia. Nitalinganisha kwa mada moja, Vita vya Majimaji, vile ambavyo watu wa kusini mwa Tanzania ya leo walipigana na watawala wa Kijerumani kuanzia mwaka 1905. Naichagua kwa sababu somo la Historia ya Tanzania na Maadili, lililoingia sekondari pamoja na mtaala ulioboreshwa ulioanza kutekelezwa mwaka 2024, linafundishwa kwa Kiswahili, wakati sehemu kubwa ya habari za vita hivyo imeandikwa kwa Kiingereza na Kijerumani. Mwalimu wa somo hili anachambua kila wiki, apende asipende.

Kilichomo kwenye gunia

Kitabu cha kiada kina kurasa chache. Nje yake mna mengi. Gavana Gustav Adolf von Götzen, aliyekuwa akitawala wakati vita vinazuka, alichapisha mwaka 1909 kitabu cha kueleza uasi ule kama yeye alivyouona. Mwaka 1968 watafiti na wanafunzi wa kilichokuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam walikwenda kusini kuwahoji wazee waliovikumbuka vita au waliosimuliwa na wazazi wao. Songea kuna Makumbusho ya Majimaji. Na Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akaomba msamaha, akaahidi kusaidia kulitafuta fuvu la Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Hotuba ile inapatikana.

Halafu kuna chuya. Andika maneno "vita vya majimaji" kwenye intaneti utaletewa kurasa nyingi zilizonakiliana neno kwa neno, hata makosa ya tahajia yakiwa yale yale. Zipo zinazomwonyesha Kinjikitile Ngwale, mganga aliyewapa watu maji ya dawa, akiongoza mapigano hadi mwisho. Kinjikitile alinyongwa tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya watu wa Matumbi kung'oa pamba waliyolazimishwa kulima, na vita viliendelea hadi 1907 bila yeye. Hilo peke yake ni chujio zuri: maandishi yanayompa Kinjikitile jeshi mwaka 1906 yatupwe.

Na kuna jambo ambalo halihitaji kutupwa ila linahitaji kushikwa kwa mikono miwili. Takwimu rasmi ya Wajerumani ilitaja vifo 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakiwa wamekufa kwa njaa iliyofuata baada ya mashamba na maghala kuchomwa. Mwanafunzi aliyepewa namba moja tu ameijua namba. Aliyepewa zote mbili ataanza kuuliza nani alihesabu, alihesabu nini, na kwa nini aliishia pale.

Mwalimu akishika sinia

Hapa mwalimu anatafuta mwenyewe, anasoma mwenyewe, anatupa mwenyewe, kisha anawaletea wanafunzi vipande vinne au vitano vilivyopangwa: aya ya Götzen aliyoitafsiri, simulizi la mzee mmoja, ramani ya kusini, kipande cha hotuba ya Songea. Juu ya kila kimoja kuna maelezo mafupi.

Faida yake kubwa ni lugha. Mwanafunzi wa kidato cha pili hawezi kukifungua kitabu cha Kijerumani cha mwaka 1909, na Kiingereza cha wanahistoria kitamchosha kabla hajafika kwenye hoja. Mtu mzima aliyepitia gunia lote, akatoa aya moja na kuiweka katika Kiswahili kinachosomeka, amefanya kazi ambayo mtoto asingeiweza. Pia unaokoa vipindi: dakika 40 zote zinakwenda kwenye kusoma na kubishana, hakuna dakika inayopotea kutafuta. Na kazi hiyo ukishaifanya mara moja unaitumia kwa mikondo yote, na mwakani unaipunguza na kuiongeza tu.

Kasoro yake wanafunzi hawaioni, na hapo ndipo ilipo hatari. Wanapokea mchele mweupe, hawajui uliwahi kuwa na mawe. Wakitoka shuleni wakakutana na ujumbe uliosambazwa mara nyingi wenye picha ya zamani na maelezo ya uongo, hawana kidole cha kulijua jiwe. Zaidi ya hapo, upendeleo wa mwalimu unapita kimya kimya. Nikipenda mapigano nitaleta mapigano, na njaa ikabaki mstari mmoja. Nimewahi kujikuta nimefundisha mada nzima hii bila kipande hata kimoja kinachoeleza wanawake walikuwa wapi, na hakuna mwanafunzi aliyeuliza, kwa sababu angejuaje kwamba kuna kilichoachwa?

Wanafunzi wakishika sinia

Upande wa pili, unawapa mada na swali, unawaachia intaneti, maktaba na wazee wa mtaani, wanarudi na walichochagua. Kwa mada kama hii swali lazima liwe jembamba. "Tafuteni kuhusu Majimaji" litakuletea kurasa zilizonakiliana. "Tafuteni vyanzo viwili visivyokubaliana kuhusu sababu ya watu kujiunga" litawalazimisha kusoma.

Njia hii inafundisha kitu ambacho ubao hauwezi kukifundisha. Mwanafunzi anajifunza kwamba tovuti kumi zinazosema jambo moja zinaweza kuwa chanzo kimoja kilichovaa nguo kumi. Kuna utaratibu wa hatua nne alioutoa Mike Caulfield, mwalimu wa Marekani, mwaka 2019, nao unafundishika hata kwa chaki: simama kwanza, mjue anayesema, angalia wengine wamesemaje, fuata dai hadi lilikotoka. Hatua ya nne ndiyo ngumu na ndiyo tamu. Mwanafunzi anayefuata namba 75,000 hadi akagundua kwamba iliyoitoa ni serikali iliyochoma maghala yenyewe hatasahau, na hukumhubiria.

Sasa tupige hesabu, kwa sababu wanaosifia njia hii mara nyingi hawaipigi. Darasa lina wanafunzi 60. Makundi ya watano watano ni makundi 12. Kila kundi likileta vyanzo vinne, una vyanzo 48 vya kufungua. Kwa dakika tatu kila kimoja ni dakika 144, zaidi ya vipindi vitatu, na huo ni mkondo mmoja. Usipovifungua, unatoa alama kwa linki ambazo hujui zina nini. Ongeza kwamba shule nyingi za sekondari Tanzania haziruhusu mwanafunzi kuwa na simu, kwamba maabara ya kompyuta mara nyingi ina mashine chache kuliko makundi, na kwamba kazi ikipelekwa nyumbani anayenufaika ni mwenye mzazi mwenye bando.

Kuna tatizo jipya pia. Zile sentensi za "kwa nini kimebaki" akili mnemba inaziandika kwa sekunde, zikiwa safi kuliko za mwanafunzi yeyote. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kuuliza kuhusu vilivyotupwa, tena kwa mdomo. "Mlikiacha kipi, na kwa nini?" Kundi lililochambua kweli litaanza kubishana lenyewe kwa lenyewe. Kundi lililonakili litatazamana.

Njia ya bahasha

Kati ya hizo mbili kuna ya tatu, na nisifiche: ndiyo niipendayo kwa madarasa ya chini na kwa darasa lolote linaloanza. Mwalimu anakwenda gunini, ila haleti vinne vilivyo safi. Analeta vipande 12 vyenye chuya ndani, anavitolea kopi, anaviweka kwenye bahasha ya kaki, bahasha moja kwa kila kundi. Kati ya hivyo 12, vitatu ni vibovu kwa makusudi: ukurasa unaomweka Kinjikitile vitani mwaka 1906, picha yenye maelezo yasiyolingana nayo, ujumbe usio na mwandishi wala tarehe. Vilivyobaki ni vizuri, ila havina uzito sawa.

Kazi: bakizeni vinne, tupeni vinane. Angalau viwili kati ya mtakavyobakiza visikubaliane. Andikeni sentensi moja kwa kila kilichobaki, na sentensi moja moja kwa viwili mlivyovitupa. Kipindi pacha cha dakika 80 kinatosha, wanaosoma polepole wakiwa wamegawanywa katika makundi yote.

Hesabu yake ndiyo iliyonishawishi. Makundi 12 kwa sentensi sita ni sentensi 72, ila zote zinazungumzia vipande vile vile 12 ambavyo mwalimu anavijua kwa moyo. Kila sentensi unaisahihisha kwa sekunde ishirini hivi, zote kwa dakika 24. Linganisha na zile 144. Wanafunzi wametupa kwa mikono yao, hakuna aliyehitaji simu, na kazi zao zinaingia kwenye mkoba wa kazi, yaani faili la kazi za mwanafunzi, kama zilivyo.

Haikosi kasoro. Gunia bado ni la mwalimu, kwa hiyo upendeleo wake umo ndani ya bahasha. Na wanafunzi hawajifunzi kutafuta, wanajifunza kuchagua tu. Kutafuta ni ufundi wake wenyewe na utahitaji siku yake.

Kwa mwenye haraka:

| | Mwalimu | Wanafunzi | Bahasha |
|---|---|---|---|
| Kazi ya mwalimu kabla ya kipindi | nyingi mara ya kwanza | kidogo: swali zuri tu | nyingi mara ya kwanza |
| Kazi baada ya kipindi | ya kawaida | nzito sana | nyepesi |
| Vyanzo vya lugha za kigeni | vinatafsiriwa | vinakimbiwa | vinatafsiriwa |
| Mwanafunzi anatupa kitu? | hapana | ndiyo | ndiyo |
| Mwanafunzi anatafuta? | hapana | ndiyo | hapana |
| Bila umeme wala intaneti | inawezekana | kwa shida | inawezekana |

Viwekwe wapi?

Hapa walimu hupoteza muda mwingi kuliko panavyostahili, lakini yapo mambo machache yanayoweza kukuokoa.

WhatsApp kila mtu anayo, na hiyo ndiyo faida yake yote. Ujumbe wa jana unazikwa na salamu za leo, hakuna mpangilio, na ramani ikitumwa kama picha inabanwa hadi majina ya miji hayasomeki. Ukilazimika kuitumia, tuma ramani kama faili, si kama picha. Mimi naiona inafaa kwa walimu kupeana vipande, kuliko kwa wanafunzi kuvisomea.

Padlet na Wakelet zimetengenezwa kwa kazi hii hasa: unabandika linki, picha na maelezo kwenye ukuta mmoja, kila kimoja na sentensi yake, na wengine wanaweza kuongeza. Kwa shule yenye intaneti ya uhakika na darasa dogo, sioni kwa nini usizitumie, hasa katika njia ya pili. Ila kumbuka ukuta huo ni kama nyumba ya kupanga, si mali yako. Google Reader, ambamo watu walikuwa wamekusanya vyanzo vyao kwa miaka, ilifungwa Julai 2013. Storify, iliyopendwa na waandishi wa habari na walimu kwa kupanga habari kwa mfuatano, ilifungwa Mei 2018. Pocket ya kuhifadhia makala imefungwa Julai 2025. Kila mara kuna waliochelewa kutoa vitu vyao. Chochote unachokithamini kiwe na nakala kwenye fleshi, pamoja na jina la mwandishi, tarehe na mahali ulipokitoa, maana linki peke yake siku ikifa haiachi hata jina.

Kolibri ni habari nyingine. Ni programu ya bure ya shirika la Learning Equality, iliyotengenezwa kwa ajili ya mahali pasipo na intaneti: unaiweka kwenye kompyuta moja, wanafunzi wanaunganisha vifaa vyao kwa mtandao wa ndani ya shule, wanasoma bila kutumia bando. Mwalimu anaweza kuchagua vilivyomo akavipanga kuwa somo, au kuandaa mkusanyo wake mwenyewe akauingiza. Inasomeka kwa Kiswahili, na ndani yake unaweza kupata hadithi za African Storybook, ambazo zina leseni huria. Kwa historia ya Tanzania hutakuta mengi yaliyo tayari, hivyo utaingiza ya kwako. Kinachohitajika ni kompyuta inayowaka na mtu mmoja asiyeogopa kuifungua. Kama shule yako ina maabara yenye vumbi, anza hapo.

Na kuna faili la kisanduku kabatini. Halina neno la siri, haliishiwi chaji, na anayelitaka analiona. Steshenari wanatoa kopi. Ubaya ni gharama ya karatasi, na picha zinazotoka nyeusi tititi. Picha mbili muhimu zichapishe vizuri mara moja, zizungushwe kundi hadi kundi.

Jambo la haki ya kunakili nitalipita haraka: aya moja yenye jina la mwandishi ni kitu kimoja, kitabu kizima kilichopigwa picha na kurushwa kwenye kundi ni kitu kingine, na hicho cha pili wala si kuchambua.

Kwa hiyo uchague ipi?

Ukiwa na kidato cha nne na mtihani wa taifa uko mlangoni, shika sinia mwenyewe, wala usione haya. Wanachohitaji wakati ule ni vipande vichache, vilivyo sahihi, kwa lugha wanayoielewa. Jiwekee tu sharti moja la kuwaonyesha kitu kimoja ulichokitupa na sababu yake.

Ukiwa na darasa la watu 20 au 25, intaneti isiyokatika na muhula mrefu mbele yako, waachie. Anza na swali jembamba, waruhusu kwenda hata kwa babu na bibi, na panga siku ya kila kundi kuvitetea vyake mbele ya wengine. Kwa walio Songea, Kilwa au Liwale hii ni bahati: kuna masimulizi ya nyumbani ambayo hayamo katika tovuti yoyote, na mwanafunzi anayeliweka simulizi la bibi yake kando ya aya ya gavana ameshafika mbali.

Kwa darasa la watu 60 na mwalimu mmoja, yaani kwa wengi wetu, chukua bahasha. Mara ya kwanza usitengeneze vipande 12, tengeneza sita, chuya ikiwa moja tu. Andaa pamoja na mwalimu wa shule jirani, yeye sita na wewe sita, mbadilishane.

Mwisho wa mwaka bahasha zisitupwe. Kidato kinachoingia kikabidhiwe pamoja na sentensi za waliotangulia, na kazi yao ya kwanza iwe kutoa vipande viwili vilivyochoka na kutafuta viwili vya kujaza nafasi.